Si Wewe Uliyesahau Jiko

Anyesi mwanangu,

Hali yako sina haja ya kuiuliza, maana nakusikia chumba cha pili ukibishana na mama yako kuhusu sanduku. Yeye anataka ubebe mablanketi mawili, wewe unasema Dodoma kuna joto. Mwachie mama yako ashinde, blanketi halijawahi kumuua mtu. Mambo ya safari, ya kufika chuoni, ya nani utampigia simu ukishuka stendi, amekwisha kukuambia yote na kesho asubuhi atakuambia tena. Mimi nina jambo moja tu, na kwa mdomo limenishinda. Wiki nzima nimekuwa nikikuita uani, unakuja, nakuuliza kama umekula, unarudi ndani unacheka na kusema baba amezeeka.

Jambo lenyewe ni hili. Mjomba Sichone hakufa kwa sababu yako. Si wewe uliyesahau jiko.

Naomba usiikunje barua hapo ukaja kunigongea mlango. Soma mpaka mwisho. Nitaeleza tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu mengi unayoyajua uliyasikia kutoka kwangu, na mimi nilikuwa na sababu zangu za kuyasema vile.

Sikuzaliwa mtu wa gesti mimi. Babu yako kule Iyula alikuwa na kahawa, na sisi watoto wake tulikua tukiamini kwamba kahawa ndiyo mshahara wetu. Halafu ushirika ukayumba, wakaja wanunuzi binafsi na magari yao, msimu mmoja wanagombania gunia lako, msimu unaofuata huwaoni hata kwa dawa. Nikaomba sehemu yangu mapema, nikashuka huku Mpemba, nikanunua kiwanja kando ya barabara kuu na kumuoa mama yako, Mnamwanga wa hapahapa. Nikajenga nyumba, na uani nikaongeza vyumba vya safu moja, nikisema nitawapangisha watumishi wa serikali. Watumishi hawakuja. Waliokuja ni wasafiri.

Mpaka wa nchi hapa karibu ulivyokuwa siku zile unaukumbuka. Geti likifungwa jioni, aliyebaki upande huu kabaki. Madereva walilala ndani ya malori yao, lakini mfanyabiashara mwenye magunia yake alale wapi? Gesti za mjini zilikuwa zimejaa, nyingine hazifai hata kuzitaja mbele yako. Siku moja mmoja akabisha hodi, mama yako akampikia, akalala, asubuhi akaacha chochote. Safari iliyofuata akaja na mwenzake. Sikupanga kuwa na biashara, biashara ndiyo ilinikuta nimekaa barazani.

Halafu likapita gari la matangazo. Kila anayelaza wageni awe na leseni. Nyumba ikaguliwe. Kuwe na choo cha wageni, kuwe na kitabu cha kuandika jina la mgeni, atokako na aendako, na kila chumba kiwe na dirisha linalofunguka. Nilikasirika, Anyesi. Nilijiuliza hiyo serikali ilikuwa wapi kahawa ilipoanguka, na sasa imejuaje kwamba kuna mtu analala kwangu. Jirani zangu walikwenda kuuliza taratibu, wakarudi wakilalamika kwamba wamezungushwa, njoo kesho, lete hiki, lete kile. Mimi sikwenda hata kuuliza. Nikaona nina akili kuliko wao.

Nikaamua kwamba nyumba yangu si gesti. Ni nyumba ya mtu mwenye ndugu wengi.

Na hapa kwetu ni nani angebisha? Wanamwanga wamekatwa na mpaka katikati, nusu huku, nusu kule. Mama yako ana wajomba wa kweli Nakonde, ana binamu Isoka asiowajua hata sura. Mtu akitokea upande wa pili na mkoba wake akasema amekuja kwa dada yake, mkaguzi ataanzia wapi kukataa? Basi kila mgeni kabla ya kuoneshwa kitanda nilimkalisha, nikampa ukoo. Wewe ni mtoto wa mjomba mkubwa, wewe ni shemeji, wewe umekuja kwa ajili ya msiba wa shangazi. Walicheka, lakini walishika. Aliyekataa nilimwambia akatafute mjini.

Nanyi watoto niliwafundisha. Kaka zako walikuwa wazito, wakiulizwa wanatazama miguu yao. Wewe ulikuwa darasa la nne na ulituzidi wote. Nakumbuka siku bwana afya, yule mfupi wa pikipiki, alipokukuta mlangoni akakuuliza yule mgeni ni nani. Ukasema ni mjomba, ameniletea viatu lakini havinitoshi, kesho anarudi navyo akanibadilishie. Viatu hakuna aliyekufundisha. Ulivitoa kichwani mwako, ukatia na uso wa kununa kidogo. Bwana afya alipoondoka nilikucheka mpaka nikakaa chini, nawe ukacheka, na ikawa ndiyo desturi yetu. Mkaguzi akishaondoka, mimi na wewe tunatazamana, tunacheka. Niliwaambia hata rafiki zangu kwamba nina mtoto mwenye akili. Nilikuwa nakufundisha kusema uongo, na kila ulipofaulu nilikupa soda.

Bwana yule hakuwa mjinga. Siku moja alizunguka uani, akatazama vyumba, akaniambia kwa upole kabisa, "Mzee, mimi sibishani na undugu wa mtu. Lakini hata ndugu anahitaji dirisha." Wakati ule madirisha yalikuwepo, madogo, yenye nondo, yaliyofanana yote. Alichotaka ni niyapanue, nitoe zile mbao nilizoyapigilia kuzuia vumbi la malori.

Mimi nikaelewa vingine. Alipoondoka nilisimama pale kwenye karo la kufulia la mama yako nikatazama ile safu kama angeitazama yeye. Mlango, dirisha, mlango, dirisha, vyote saizi moja. Nikaona kosa langu ni hilo, kwamba nyumba inaonekana gesti. Nikachukua matofali yaliyobaki kwenye ujenzi wa choo, nikaziba madirisha yote, moja baada ya jingine, nikapiga lipu juu yake. Mama yako akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia sasa ni stoo, na stoo haina dirisha. Nililala nimeridhika sana siku ile.

Sasa mjomba Sichone. Alikuwa akileta maharage kutoka upande wa Isoka, mtu mrefu, mpole, asiyependa kelele. Wengine walikuwa wajomba mbele ya mkaguzi tu, mkaguzi akiondoka wanarudi kuwa wateja. Yeye aliuchukua ule undugu akaendelea nao hata pasipokuwa na mtu wa kudanganywa. Alikuita mwipwa, kwa lugha yao, mtoto wa dada. Akikukuta unasoma anakuuliza hesabu. Wewe ulimpenda, na nadhani kwake hukuwa unaigiza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine.

Safari yake ya mwisho alifika akitetemeka. Baridi ya Juni unaijua, na ukungu ulikuwa haujaondoka kutwa. Siku ileile bwana afya alikuwa ameonekana Mpemba na mgambo, wanapita nyumba kwa nyumba, na mimi roho ilikuwa juu. Sichone akaomba moto. Nikakuambia umpelekee jiko.

Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipokuibia. Ulipeleka jiko, ukarudi. Ukaniambia, "Baba, mkaa haujashika vizuri, bado unatoa moshi. Nimwachie mlango wazi?" Nikakuambia ufunge, unataka mtaa mzima ujue tuna mgeni. Ukaenda ukafunga. Baadaye, mama yako akiwa anaosha vyombo, ulikuja tena. Ulikuwa umefundishwa na yeye kwamba jiko halilali chumbani. Ukaniuliza kama ukalitoe. Nikakuambia uliache, mjomba ana baridi, nenda kalale. Uliuliza mara mbili, Anyesi. Mtoto wa darasa la nne aliuliza mara mbili, na mtu mzima aliyeziba dirisha kwa mkono wake akajibu mara mbili.

Asubuhi sitakuelezea. Ulikuwepo.

Kabla polisi hawajafika nilikuwa nimeshapiga mahesabu yangu. Niliona jela. Niliona mama yako na nyinyi watatu mkirudishwa Iyula kwa babu asiye na kahawa. Nikajiambia kwamba mtoto hafungwi. Walipokuja, na bwana afya yuko nao, wakauliza ni nani aliyeweka moto mle ndani. Nikasema mtoto alipeleka jiko, nikamwagiza akalitoe, akasahau.

Ulikuwa umesimama mlango wa jikoni. Ukanitazama. Nilijua unasubiri nini. Ulikuwa unasubiri waondoke ili nikucheke, kama siku zote, na uongo uwe umekwisha kazi yake. Yule askari akachuchumaa mbele yako akakuuliza kama ni kweli. Ukasema ndiyo, nilisahau. Hukusita hata kidogo. Kama ulivyomjibu bwana afya kuhusu viatu, ndivyo ulivyojibu. Nilikuwa nimekufundisha vizuri.

Wakaondoka na maiti, na mimi sikucheka. Niliingia ndani nikafunga mlango. Sijui ni lini wewe mwenyewe ulianza kuamini. Najua tu kwamba baada ya wiki chache mama yako alikukuta unalia nyuma ya choo, akakuuliza, ukamwambia hukumbuki kwa nini ulisahau. Alikuja kunipa habari hiyo. Yeye alikuwa jikoni usiku ule, alisikia nilivyokujibu. Akaniambia, "Umemuuza mtoto wako. Utamwambia mwenyewe, mimi sitakusaidia." Nilimwambia anyamaze mpaka kesi iishe. Kesi ikaisha. Nikamwambia asubiri ukue kidogo. Usimlaumu mama yako, mimi ndiye niliyemjaza maji mdomoni.

Polisi waliniuliza Sichone kwao hasa ni kijiji gani. Ukoo niliomtungia niliujua mpaka kwa babu yake, wa kwake halisi sikuujua. Hakuna mahali palipoandikwa jina lake, kwa sababu kitabu cha wageni niliona ni cha wajinga. Yule mtu alikaa hospitali kwenye baridi nyingine akisubiri mtu amtambue, mpaka wauza maharage wenzake walipopeleka habari. Mahakamani nilitozwa faini ya kulaza wageni bila kibali, na kifo kikaitwa ajali. Nilitoka nikipewa pole na watu. Walisema nimepata mtihani, na mtoto mwenyewe mdogo, afanyeje.

Kisha akaja mkewe, mama Mulenga, na wazee wao. Tulikaa sebuleni. Wazee waliuliza, nikasema nilichosema polisi. Mama Mulenga akaomba aletewe mtoto. Ukaja ukapiga magoti. Akakushika kichwa akasema wewe ni mtoto, hukukusudia, mimi na wanangu tumekusamehe. Watu wakafuta machozi. Ukasamehewa kosa langu mbele yangu, na mimi nikaitikia amina.

Tangu hapo kila Krismasi unavuka kwenda sokoni Nakonde na mchele kumpelekea. Hakuna aliyekutuma. Mimi nakuona unatoka na ndoo, najitia hamnazo, nakwenda kukagua mashuka.

Ndiyo, mashuka. Maana unajua nilichokuwa baadaye. Nilibomoa yale matofali, nikapanua madirisha, nikachukua leseni. Leo tuna mji wenye halmashauri yake, wilaya mpya makao yake Chitete, na kila ofisi ina karatasi yake na mimi ninazo zote. Kitabu changu cha wageni hakina mstari mtupu. Nina mtungi wa kuzimia moto ambao hata wakaguzi hawajui kuutumia. Mwaka jana walileta wenye gesti wengine waje kuona kwangu. Kijana mmoja wa ofisi akawaambia wajifunze kwa mzee huyu, anaheshimu sheria. Nilisimama nikatabasamu, na nyuma yangu, ukuta wa kile chumba cha tatu alichofia Sichone, lipu mpya na ya zamani hazijawahi kufanana rangi. Nimekipaka chumba kile mara nyingi, lakini ile tofauti bado naiona.

Pengine ningeendelea hivyo mpaka kaburini. Lakini juzi mama yako aliniambia kwa nini umechagua uuguzi. Mimi nilidhani ni kwa sababu ajira zipo. Akasema ulimwambia unataka kuwa mahali ambapo mtu akikosa pumzi utajua la kufanya. Alisema hivyo akaondoka zake. Umepanga maisha yako yote kulipa kitu ambacho hukukopa, na mimi ndiye nimekulipia ada ya kwenda kukilipa.

Jana nilipowaambia naenda kutafuta taa za uani, nilivuka mpaka. Nilimkuta mama Mulenga kwenye meza yake ya maharage, amezeeka kidogo, mkono mwepesi. Nilisubiri wateja wapungue, nikamwambia yote kama nilivyokuandikia. Dirisha, mlango, maswali yako mawili, majibu yangu mawili. Aliendelea kuchambua maharage. Nilipomaliza akaniambia bila kuinua uso, kwa neno lao la heshima, "Mukwai, mimi niliona ule ukuta. Lipu ilikuwa bado mpya. Mtoto wa umri ule hazibi dirisha."

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini alikusamehe wewe. Akasema ni wewe uliyekuwa unalia pale sebuleni, na mimi baba yako nilikuwa nakunywa chai. Ndipo akanitazama. Akaniuliza kama nimekwisha kukuambia. Nikasema bado, nimeona nianze kwake. Akafunga mfuko wake wa maharage akasema, "Basi umepotea njia. Rudi kwako." Hakunikaribisha kiti, wala hakunisamehe. Sikuomba, nilikuwa nimeshasamehewa mara moja kupitia kwako na haikunifaa kitu.

Sina mawaidha ya kukupa, mwanangu. Anayekuandikia hana kimo hicho. Nina neno moja tu la kazini. Wataletwa wagonjwa hospitali, na pembeni atakuwepo mtu mzima anayejibu maswali haraka mno. Mwache aongee, lakini mtazame mtoto aliyesimama nyuma yake. Na kama uuguzi unaupenda wenyewe, usome. Kama ulikuwa wa kulipa deni, uache hata kesho. Ukija kuniambia kwamba unataka ushonaji au hutaki chochote, sitauliza mara mbili.

Uongo ule niliusema mbele ya askari, bwana afya, wazee na majirani. Nimekwisha kumwomba balozi wa mtaa awaite majirani Jumapili, nitausahihisha mbele yao. Bwana afya amestaafu, naambiwa anaishi Vwawa, nitamfuata. Kama polisi watataka kunisikia, nitakwenda. Lakini wa kwanza ni wewe, nilipaswa kuanza na wewe tangu asubuhi ile, ulipokuwa mlango wa jikoni unanisubiri.

Barua hii sitaiweka kwenye sanduku lako uisome Dodoma peke yako. Huo ungekuwa ujanja mwingine. Nikishaweka kalamu chini nitakuja kukupa mkononi, nikae hapo kwenye kiti mbele yako, na taa iwake uuone uso wangu. Ukitaka kuniuliza, uliza, na safari hii nitakujibu kweli. Ukitaka kunitukana, sitakukatiza. Na ukinyanyuka ukachukua sanduku ukaenda kulala kwa shangazi yako, na kesho ukapanda basi bila kuniaga, sitakufuata stendi, wala sitamtuma mtu, wala sitamwambia yeyote kwamba binti yangu ana kiburi. Nitamwambia atakayeuliza kwamba Anyesi ameondoka akiwa na haki, na kwamba mimi ndiye niliyemfanya akose baba.

Baba yako